Papa Arbitre na Visigino Vyeupe

Kabla sijamtazama mtu usoni, huwa nimekwisha kumtazama kisigino. Ugonjwa huo aliniambukiza mzee mmoja ambaye watu wa raga hapa Kisangani, na si wengi, walimwita Papa Arbitre, Baba Mwamuzi. Jina lake la nyumbani nalijua, lakini uwanjani alikuwa haliitikii, na mimi ninayemkumbuka ni yule wa uwanjani. Niseme mapema kinachonisumbua, msomaji asije akadhani nimekuja kumsifu mzee wa watu tu. Kwa mwaka mzima nilijua jambo moja juu yake ambalo lingeweza kumvunja shingo mdogo wangu. Nililijua, nikanyamaza, na kila Jumapili nilikwenda uwanjani kama kawaida.

Wachezaji wetu wengi walitoka kwenye mpira wa miguu, na hors-jeu, yaani kuotea, waliyoijua ni ile ya huko, ya kumpita beki wa mwisho. Papa Arbitre alikuwa na kazi ya kuwafuta kichwani sheria hiyo na kuwaandikia nyingine. Hakutumia ubao. Nyumbani kwake viatu vilivuliwa mlangoni, kama kwa familia nyingi za Kiislamu za mji huu, na wewe ukishaketi, yeye aliinama akazikusanya ndala zote za wageni, akazipanga barazani, katikati akaweka ndimu.

"Ile mpira iko chini, sivyo?"

"Iko chini, Papa."

"Bon. Batu bawili, moja wa huku, moja wa kule, bako juu yake, bamesimama, bamegusana. Donc raki imezaliwa. Sasa wewe unakuya. Unaingia na wapi?"

Asiyejua alisukuma ndala yake kutoka pembeni, kwa sababu pembeni ndiko kulikokuwa karibu na ndimu. Hapo alipigwa kofi dogo la mkono.

"Apana! Ile iko dirisha. Mwizi njo anaingia na dirisha. Mulango iko nyuma, kwa muguu ya mwisho ya benzako. Na mulango iko moja tu."

"Na kama siingii, Papa?"

"Kama hauingii, unabaki nyuma ya ile muguu. Hata kidole isipite. Mpira ikitoka, njo unakimbia." Kisha, bila kuulizwa, aliongeza jambo ambalo hakulisahau hata siku moja. "Na mukono? Unafunga mukono muzima, unakamata mwenzako. Bega bila mukono iko nyundo." Akisema hivyo alijishika shingo, pale nyuma, chini ya nywele, kana kwamba anahakikisha bado ipo.

Somo likiisha kila mtu alijitafutia ndala zake gizani mwa lile rundo, na wengi walirudi nyumbani na za wenzao. Mimi ninayo mpaka leo ndala moja ya kushoto ya mtu nisiyemjua.

Alikuwa mtu wa woga, na ninalisema hilo kwa heshima. Watu walimwona akiwa na filimbi mdomoni wakadhani ni chuma. Mimi nilimwona kabla ya mechi. Uwanja wetu uko upande wa mto Tshopo, si mbali na maporomoko, na mvua ikiwa imenyesha sana usiku mvumo wa maji husikika hata pale kwenye milingoti. Yeye alifika saa mbili kabla ya kila mtu. Aliuzunguka uwanja mara tatu, ameinamisha kichwa, akiokota mawe, vipande vya chupa, misumari, akivitia mfukoni mpaka suruali ikamning'inia. Hakula kitu. Maji hakupokea kutoka kwa timu yoyote, asije akasemwa. Mikono ilimtetemeka, naye akaificha kwapani. Filimbi ya kwanza ikilia, kutetemeka kulikwisha. Filimbi ya mwisho ikilia, alikula na timu zote mbili, akaanzia kwa walioshindwa, na wali na samaki wa watu aliufanyia kazi kwelikweli.

Aliwahi kuniambia chanzo cha woga ule, mara moja tu. Zamani, katika mji mwingine, alimwona kijana akipigwa bega la pembeni kwenye raki, akaanguka, asiamke tena kwa miguu yake. Hakuniambia kama siku hiyo yeye alikuwa mchezaji, mtazamaji au mwenye filimbi. Sikuuliza. Nilikuwa bado mgeni kwake wakati huo, goti limeniondoa kwenye timu ya wasichana, naye amenipa bendera ya pembeni kabla goti halijapoa, kwa sababu, alisema, nilikuwa na mdomo mwingi na macho mengi, na uwanjani mdomo unaweza kufungwa.

Filimbi yake haikulia ovyo. Alizungumza. Mechi nzima ungemsikia akiwaita wachezaji kwa rangi ya jezi na namba, "Bleu sita, toa mukono! Rouge kumi, rudi, rudi, muguu ya mwisho! Batoto, muguu ya mwisho!" Alipenda kumzuia mtu kabla hajakosa kuliko kumwadhibu baada ya kukosa. Ila kwa wale wa dirishani hakuwa na maneno. Penalti, papo hapo, na kidole kinakuonyesha njia ambayo ungepaswa kupita.

Lakini nenda naye kwenye mashine ya kusaga muhogo. Wanawake wamepanga mabeseni tangu asubuhi, mstari unafika barabarani, na Papa Arbitre huyo anakuja na beseni lake begani, "pardon, mama, pardon," anapenya katikati, kwa pembeni kabisa, mpaka mbele. Siku moja mwanamke mmoja alimpigia kelele, "Papa, hors-jeu!" Mstari wote ukacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akakubali kwamba ni hors-jeu kubwa, na beseni lake halikurudi nyuma hata hatua moja. Nilipomkumbusha barazani kwake alisema mashine haivunji shingo ya mtu. Kwake sheria zilikuwa za aina mbili, zinazolinda mwili na zile nyingine. Zile nyingine alizichezea.

Sasa nije kwenye lile jambo. Siku moja, mapumziko ya mechi, nilimpelekea chupa yangu mwenyewe ya maji, ambayo aliipokea kwa kuwa haikuwa ya timu. Nilisimama kushoto kwake, nimenyoosha mkono. Hakupokea. Alikuwa anatazama mbele, anahema, ametulia, na chupa iko shibiri moja kutoka kwenye sikio lake. Nilingoja. Nikasema, "Papa, maji." Akaruka kama aliyeguswa na moto, akageuza kichwa chote, si macho tu, akaniona. Akanywa. Akanirudishia chupa. Wiki ileile, tukitoka uwanjani, baiskeli ya toleka imebeba abiria ilitokea kushoto ikapiga kengele mara tatu, na kama nisingemvuta shati ingempanda. "Nilikuwa nawaza," aliniambia. Mtu anayewaza pia husikia kengele akageuka upande ule. Yeye aligeukia kulia, upande ambao jicho lake lilikuwa bado linaona.

Mwezi uliofuata alikuja uwanjani na mfuko wa udongo mweupe, pembe kwa lugha ya hapa, ule wa sokoni ambao wajawazito hupenda kutafuna. Aliukoroga kwenye bakuli na maji kidogo, akaamuru kila mchezaji, wa pande zote mbili, ajipake visigino. Wengi wetu hucheza miguu mitupu, na wenye viatu walipaka nyuma ya kiatu. "Ili kila mutu aone mulango iko fasi gani," alisema. Watu wakamsifu. Kweli rundo la miguu ya tope lilipokusanyika juu ya mpira, ule mguu wa mwisho ulionekana kutoka mbali, na waliosimama nje waliujua mstari wao bila ugomvi. Mdogo wangu alirudi nyumbani akitamba kwamba mzee amebuni kitu ambacho hata Ulaya hawana. Mimi peke yangu, nilidhani, ndimi niliyejua udongo ule ulipakwa kwa ajili ya nani.

Desturi ikashika. Timu ya Banalia ilishuka kwa lori siku moja, vumbi mpaka kwenye kope, na kitu cha kwanza tulichoona walipovua viatu ni visigino vyeupe pepepe. Walikuwa wamejipaka kule kwao alfajiri. Nahodha wao alipita nyuma ya wachezaji wetu mmoja mmoja, mikono mgongoni, akagundua namba nne wetu amesahau, akaja kwa Papa Arbitre kudai penalti.

"Monsieur l'arbitre, ule haiko na pembe. Sheria inasema kila mutu apake."

"Sheria gani?"

"Ya rugby, Papa. Njo tulifundishwa hivi."

Tulicheka siku nzima. Papa Arbitre naye alicheka, lakini niliona alivyomeza mate kwanza. Aliyekuwa akifundisha sheria miaka yote, kila neno mahali pake, sasa alikuwa na sheria moja ya uongo inayotembea barabara yote ya kwenda Banalia, na hakuweza kuikana bila kueleza ilikotoka. Namba nne akapakwa.

Shida ni kwamba kisigino cheupe kinaonyesha mlango tu. Anayekuja kwa dirisha, tena kutoka upande ambao jicho limekufa, hakimwonyeshi. Na mwenye kuumia dirishani ni mtu wa kazi ya mdogo wangu. Alicheza namba saba. Mwenzake akishamwangusha mwenye mpira, yeye hufika wa kwanza, husimama juu yake, miguu imeachana, mgongo umelala, mikono kwenye mpira kabla raki haijazaliwa, na sheria inamruhusu kutouachia. Hapo anangoja waje wamsukume. Wakija kwa mbele, anawaona. Akija mtu kwa ubavu, haoni chochote, na shingo iko wazi.

Nilijaribu kwa njia ya mkato. Badala ya kusema na mzee, nilisema na mdogo wangu. Nilimkuta anaosha pikipiki yake ya teksi, nikamwomba ahame, acheze nyuma, pembeni, popote penye kukimbia.

"Yaya, juu ya nini?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Naogopa ile shingo yako."

Alicheka akaendelea kusugua. "Yaya, Papa Arbitre si iko pale? Nani anaweza kuingia na pembeni mbele ya Papa Arbitre?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikaufunga. Usingizi wa siku ile sikuuona, wala wa siku nyingi zilizofuata. Nilijiambia mengi. Kwamba visigino vinatosha. Kwamba bendera yangu ni jicho lake la pili. Kwamba mke wake amefariki, watoto wametawanyika, na ukimnyang'anya mzee huyu Jumapili umemwachia nini. Kwamba msimu unaisha. Msimu uliisha, ukaanza mwingine. Kila raki ilipojengeka nilihesabu moyoni mpaka mdogo wangu ainuke, na alipoinuka nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakadhani naishangilia timu.

Ilitokea alasiri ya kawaida, jua kali, dhidi ya timu ya Lubunga. Mdogo wangu alikuwa juu ya mpira. Papa Arbitre alisimama mahali pazuri kabisa, hatua tatu, ameinama, anatazama visigino, anaimba wimbo wake wa mguu wa mwisho. Namba tano wa Lubunga, mtu mkubwa, alikuwa amechelewa kurudi. Badala ya kuzunguka hadi nyuma ya wenzake alikata moja kwa moja. Alitokea kushoto kwa mzee. Nilimwona kabla hajafika. Niliinua bendera kabla hata ya kosa, nikaipunga, nikapiga kelele zilizomezwa na za watazamaji, na Papa Arbitre, ambaye nilikuwa kushoto kwake mimi pia, hakuona mtu wala bendera. Bega liliingia bila mkono. Nilisikia mlio wa pigo lile kutoka kwenye mstari.

"Cheza!" alisema mzee, kwa kuwa mpira ulikuwa umetoka na visigino vyote alivyoviona vilikuwa mahali pake.

Mchezo ukaenda. Mdogo wangu akabaki chini. Nilitupa bendera nikakimbia, nikapiga magoti kwenye nyasi, naye akaniambia kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio, "Yaya, mikono sisikii." Papa Arbitre alifika, akamtazama, akajishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili, na filimbi ikamponyoka mdomoni. Ndiye aliyetukataza tusimwinue. Ndiye aliyeamuru uletwe mlango wa choo cha uwanja, tukamlaza juu yake, kichwa kimeshikwa na mikono ya mzee huyohuyo njia yote hadi hospitali. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Shingo ikapona, miguu ikapona, mkono wa kushoto ukapona. Mkono wa kulia una vidole viwili ambavyo havijarudi, na pikipiki huendeshwa kwa mkono wa kulia. Siku hizi ameketi kwenye meza ya vocha za simu karibu na soko, anaandika kwa kushoto, na wateja wakiwa wengi hukasirika upesi, jambo ambalo hakuwa nalo.

Wiki ileile nilisema. Kamati ya raga ilikaa kwenye darasa moja tuliloazimwa, Papa Arbitre kiti cha mbele, kitabu chake cha sheria mapajani ndani ya mfuko wa plastiki. Nilisimama nikasema haoni upande wa kushoto, na kwamba najua tangu mwaka uliopita. Nilimtazama mwenyekiti, yeye sikuweza. Hakujitetea. Alikiweka kitabu juu ya dawati, akapiga hodi mlangoni kwa ndani kama mtu anayeomba ruhusa, akatoka. Baadaye nilisikia amevuka mto, anaishi Lubunga kwa binti yake. Hakuna aliyekubali kupokea filimbi, basi nikaipokea mimi. Visigino bado tunapaka. Watoto wanaoanza wananiuliza ni sheria namba ngapi.

Miezi mingi ilipita bila kumwona. Kisha siku moja nilikuwa natoka Lubunga, nimekwenda kuangalia uwanja wao, nikapanda pirogue, ule mtumbwi wa abiria wa kurudi mjini, na nilipokwisha kuketi ndipo nilipotambua bega lililogusana na langu. Alikuwa amekonda. Ameshika mfuko wa dawa, anatazama mbele. Nilikuwa kushoto kwake. Nilishindwa kumsalimu, Mungu anisamehe. Angeijua sauti yangu, kwa hiyo sikuitoa.

Mwanafunzi mmoja aliyeketi mbele yetu, kitabu cha chuo mkononi, aligeuka akamkazia macho.

"Papa, si ni wewe ule arbitre wa rugby?"

"Nilikuwa."

"Na juu ya nini uliacha?"

"Jicho. Ya kushoto ilikufa. Na hii ingine inataka kuifata."

"Nani alijua?"

"Mutoto yangu moja, juge de touche, ule wa bendera. Njo yeye alisema mbele ya batu."

Mwanafunzi aliguna. "Alikutendea mubaya, Papa. Mutu mukubwa hivi."

"Apana," alisema mzee. "Alichelewa tu."

Mpiga kasia alitukatisha mkondo, maji yakaturukia, watu wakalalamika. Niliomba Mungu mazungumzo yaishe pale. Hayakuisha.

"Alijua toka siku ya maji," aliendelea. "Na mie nilijua anajua. Kila Jumapili, kila dimanche, mechi ikiisha, nilikuwa nabaki wa mwisho, nafungua viatu polepole, polepole, nasema leo atakuya, ataniambia, Papa, inatosha. Yeye anaaga, anaenda mbio. Mwaka muzima."

"Na wewe mwenyewe, Papa? Mudomo si ilikuwa yako?"

Papa Arbitre aliukunja mfuko wa dawa, akaukunjua. "Nilikuwa naogopa dimanche," alisema. "Dimanche bila kitu ya kufanya."

Nilikumbuka haraka zangu zote za baada ya mechi, jinsi nilivyokunja bendera nikitembea, nisije nikabaki naye peke yangu. Woga ule nilikuwa nimeuita huruma mwaka mzima. Nikaona nikichelewa tena hapo sitakuja kusema maisha yangu yote.

"Papa," nikasema. "Ni mie."

Hakugeuka. Mkono wake ulitoka kwenye mfuko wa dawa ukapapasa, ukaukuta mkono wangu, ukaukamata wote, kuanzia kiwiko.

"Uko hapa toka wapi?"

"Toka ng'ambo, Papa."

"Umesikia yote."

"Nimesikia."

"Na mukono yake?"

"Vidole viwili bado."

Pirogue iligusa mchanga. Watu waliinuka kwa fujo, mabeseni, kuku, mwanafunzi na kitabu chake akitutazama bila kuelewa, na chombo kikayumba, kikatulia, kikawa kitupu. Sisi tulibaki tumeketi. Alikuwa hajauachia mkono wangu, wala mimi sikuuvuta. Mwenye pirogue alituangalia, akawaangalia abiria wapya waliokuwa wanangoja pale ukingoni, akatuuliza kama tunashuka au tunarudi ng'ambo. Nilimngoja Papa ajibu. Nadhani naye alikuwa ananingoja mimi.